Abiria Niliyemnunua Pamoja na Gari

Uliyeniacha wiki iliyopita nimesimama nje ya geti letu pale Imbali, injini inanguruma na Gogo kashika kiuno, pole kwa kuningoja. Hata mimi nilitamani kuondoka pale.

Kwa aliyechelewa: mimi ni Phila Zondi, fundi wa kubadilisha matairi hapa Pietermaritzburg. Nilianguka mtihani wa udereva mara tatu. Si kwa sababu sijui kuendesha. Nilianguka kwa sababu ya mdomo. Mkaguzi wa kwanza nilimwambia hajui kuegesha, wa pili nilimsahihisha hesabu zake, na wa tatu sitamsema, bado ana hasira. Wa nne alikuwa na mafua, hatukuongea, nikafaulu.

Gogo, bibi yangu aliyenilea, akatoa fungu lake la mchango wa akina mama, akaliunganisha na akiba yangu. Sharti lilikuwa moja: kigari cheupe, kidogo, chenye milango minne.

Nami nikarudi na gusheshe.

Gusheshe ni Mjerumani wa kizamani, mwenye mabega ya mraba, milango miwili na sauti ya simba aliyeamshwa. Ndilo gari ambalo vijana wa kwetu hulizungusha uwanjani kama pia, moshi wa matairi ukawafunika watazamaji, na watazamaji wakashukuru. Langu lilikuwa jekundu.

Sitasema sikukijaribu kile cheupe. Nilikijaribu. Nilikanyaga mafuta, kikakohoa.

"Hiki hakinywi petroli," muuzaji akajisifu.

"Kitakunywaje," nikamwambia, "na hakiendi popote?"

Nikampigia mwanamke wa bima. Akaniuliza umri wangu. Nilipomtajia, akaguna kama mtu aliyepewa habari za msiba. Kisha akataja bei. Nikaona kama kijana anatozwa hivyo hata kwa kuendesha kikohozi, basi heri atozwe akiwa na furaha.

Siku ileile nikakutana na Sfundo Ngcobo, kijana wa Edendale, anauza jekundu lake kwa bei ya chini kuliko kile cheupe. Dada yangu Nomcebo aliniuliza swali moja tu: "Kwa nini rahisi hivyo?" Nikamwambia ana wivu.

Haya. Tuko getini.

"Phila," Gogo akasema. "Kile cheupe kiko wapi?"

"Ndilo hili, Gogo."

"Limepigwa na jua njiani likawa jekundu?"

"Na milango mingine miwili imedondokea wapi?" Nomcebo akadakia. "Turudi tukaiokote?"

"Gogo, sikiliza. Hili gari lina moyo."

"Moyo ninao mwenyewe. Mimi nilitoa pesa ya milango. Alhamisi ninakwenda mkutano wa akina mama kanisani, nimevaa blauzi yangu nyekundu na kofia yangu nyeupe. MaMbatha atakaa wapi?"

"Nyuma."

"MaMbatha amewekewa nyonga mpya. Unataka apinde kama mwavuli?"

Hapo ilinibidi nitumie silaha yangu. Kila mtu Imbali anajua natunga mashairi, hakuna mwalimu aliyenifundisha, na mwenye kubisha aje tupambane. Nikaweka mkono juu ya boneti, nikaghani:

*Mwekundu ninakutaka, mwenye sauti ya radi,*
*Ukigeuka wawaka, lami haiwi kaidi,*
*Kile cheupe nacheka, chakohoa kwa juhudi,*
*Nipeni langu la shaka, nimeiweka ahadi.*

Nomcebo aliziba masikio. Gogo alisikiliza mpaka mwisho.

"Shairi zuri," akasema. "Gari baya."

"Gogo!"

"Nyamaza. Hakuna gari linalolala ndani ya yadi hii kabla ya kuripotiwa kwa waliotangulia. Kesho tunachinja mbuzi. Nitawaita Wazondi wote, niwaambie, hili hapa gari la mtoto wenu. Wakilikubali, kaa nalo, sitasema neno tena. Wakilikataa, linarudi kwa mwenyewe, na wewe utapanda kile cheupe mpaka uote mvi."

"Nitajuaje wamelikataa?"

"Wewe hutajua. Mimi nitajua."

Basi likalala nje ya geti kama mchumba ambaye mahari yake haijapelekwa.

Jumamosi niliamka na jua. Nilikuwa nimetoa matairi manne mapya kazini, kwa jasho langu, nikayafunga, nikayapaka mafuta yakang'aa kama viatu vya askari. Nikaosha nje. Nikafagia ndani, mababu wasikute doa. Chini ya kiti cha nyuma nikatoa chupa tupu, soksi moja, na tawi kavu la miiba lililofungwa uzi. Likanichoma kidole.

Ewe uliyezaliwa huku kwetu, najua nywele zako zimesimama. Zangu hazikusimama. Mimi kichwani nilikuwa na matairi tu. Nikalirusha nyuma ya bega bila kuangalia.

Lilimwangukia mbuzi wetu aliyefungwa mtini. Akalila. Majani, vijiti, hata uzi.

"Umempa nini huyo?" Nomcebo akauliza kutoka jikoni.

"Takataka."

"Mbuzi wa mababu unamlisha takataka?"

"Kwani mbuzi anajua?"

Saa ya ibada tukafungua geti, gari likaingia mpaka katikati ya yadi. Gogo akafukiza impepho, ubani wetu wa mababu, moshi wake ukatuzunguka miguuni. Akamwaga pombe ya mtama kidogo kwenye kila tairi, yale yangu mapya. Akasimama mbele ya mbuzi, akaanza kuwaita kwa jina la ukoo na jina la sifa: "Zondi! Nondaba! Ninyi mliolala, amkeni mtazame. Mtoto wenu ameleta gari. Si lile nililomtuma. Lakini ameleta. Mnasemaje?"

Kwetu mbuzi ndiye anayejibu. Akilia, mababu wamesikia. Akikaa kimya, rudi nyumbani ukafikiri.

Mbuzi akakaa kimya.

Gogo akarudia majina. Kimya. Nomcebo akaniangalia, akafanya kwa midomo yake sauti ya kigari kinachokohoa.

Mara mbuzi akavuta kamba. Akaenda moja kwa moja kwenye gari, akapandisha miguu ya mbele dirishani, akachungulia kiti cha nyuma, akalia. Akalia mlio mrefu, kama mtu aliyesahau kitu ndani.

"Nondaba!" Gogo akapiga makofi, machozi yanamlenga. "Tangu nizaliwe sijaona mbuzi anayetaka kupanda gari! Wamelikubali!"

Nilimtazama Nomcebo. Nikamrudishia kikohozi chake kwa midomo yangu.

Mbuzi akachinjwa. Nyongo nikamiminiwa miguuni, na tone likawekwa kwenye boneti. Kipande cha ngozi yake nikavishwa mkono wa kulia, ile bangili tunayoiita isiphandla, ili kila mtu ajue mbuzi huyu kachinjwa kwa ajili ya nani. Gari likalala ndani. Nyama nayo ikalala ndani, kama desturi, mababu waionje kwanza.

Jumapili mchana tukala. Nilikuwa na mfupa mdomoni, mafuta yananitiririka kidevuni, namweleza Nomcebo rangi ya viti nitakavyoweka, tuliposikia kikohozi getini.

Kigari cheupe. Kidogo. Milango minne.

"Kile pale!" Gogo akasema kwa uchungu, kama aliyemwona mkwe aliyemkosa.

Aliyekuwa anakiendesha ni Sfundo. Alikuwa amekinunua kwa pesa yangu, akaongezea kidogo. Pembeni yake akashuka mama mmoja, amejifunga nguo nyeusi za msiba toka kichwani mpaka miguuni.

"Tunawasalimu, kina Nondaba," mama akasema.

"Karibuni ndani," Gogo akajibu. "Mmetoka kwa kina nani?"

"Kina Ngcobo, wa Edendale. Mimi ni MaKhoza. Huyu ni mwanangu mdogo." Akakaa kwenye mkeka, akakataa chakula. "Nimekuja kumchukua mwanangu mkubwa."

Gogo akatuangalia, akatuhesabu kwa macho. "Mama, hapa hakuna mtoto wako."

"Yupo. Yumo ndani ya lile gari jekundu."

Mfupa ukanigota kwenye jino.

"Gari hilo lilikuwa la Mbongiseni," mama akaendelea. "Alifariki hospitali, Durban. Mimi nilikuwa kitandani, siwezi kusafiri, nikamtuma huyu akamlete kwa tawi. Akaniambia amemleta. Nikaliona tawi limewekwa mahali pake, nikashukuru. Lakini kila nikifumba macho mwanangu ananijia. Ananiambia, Mama, miguu imekufa ganzi. Mama, hapa panabana, pananuka petroli. Haya, Sfundo. Waambie wenzako ulichoniambia leo asubuhi."

Nikuambie wewe ambaye kwenu hawafanyi hivi. Mtu akifia mbali, roho yake haiachwi huko. Anakwenda mtu wa ukoo na tawi la umlahlankosi, ule mti wa miiba, anamwita marehemu kwa jina, anamwambia twende nyumbani. Tawi linapewa kiti chake. Aliyelibeba haongei na mtu yeyote njia nzima. Akifungua mdomo kwa mwingine, marehemu anabaki palepale.

Sfundo alikuwa anasoma viatu vyake.

"Simu iliita, Gogo," akasema.

"Ukaipokea?"

"Ilikuwa inaita sana."

"Nani?"

"Hlobisile."

"Ukamwambia nini?"

"Gogo, si lazima..."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia, halo, sukari yangu."

Gogo akafumba macho. "Mbele ya marehemu?"

"Nikaogopa! Tawi nikalificha chini ya kiti, nikakata jingine njiani, nikampelekea Mama. Tangu siku hiyo gari linavuma lenyewe, hata nikitoa mguu. Ndiyo nikaliuza haraka."

Hapo Nomcebo akapata jibu la swali lake, na alihakikisha namwona akilipata.

"Simdai mtu chochote," MaKhoza akasema, akanigeukia kwa upole ulionitisha kuliko kelele. "Nipe tu tawi, mwanangu. Nimpeleke akapumzike."

Nikaangalia sahani. Nomcebo akaangalia sahani.

"Phila," akanong'ona. "Ile takataka uliyompa mbuzi."

Gogo aliuweka mfupa wake chini taratibu, kama anayelaza mtoto.

"Mbuzi yuko wapi?" MaKhoza akauliza.

Sufuria ilikuwa katikati yetu.

"Kwa hiyo jana," Gogo akasema polepole, "nimewaita Wazondi wote, na aliyeitika ni Ngcobo."

"Ndiyo maana alitaka kupanda gari!" nikasema. "Alikuwa anataka kiti chake!"

"Nyamaza, Phila."

"Sinyamazi! Mimi nilinunua gari, sikununua mtu! Huyu hapa ndiye wa kulaumiwa, na sukari yake! Gari nimelilipia, mbuzi amelia, mababu wamekubali..."

"Mababu wa nani?" Gogo akauliza.

Nikausukuma mfupa wangu ukingoni mwa sahani.

MaKhoza alikuwa anaangalia mikono yetu, mmoja mmoja. "Nani amevaa ngozi yake?"

Nomcebo akaninyooshea kidole. Sfundo akaninyooshea kidole. Hata Gogo, damu yangu, akaninyooshea kidole.

Wazee wawili wakatoka nje, wakanong'ona kando ya gari. Walirudi wamekubaliana, na kijana yeyote anajua kwamba bibi wawili wakishakubaliana, hakuna rufaa.

"Tawi limeliwa na mbuzi," MaKhoza akasema. "Ngozi ya mbuzi iko mkononi mwako. Basi tawi ni wewe. Utakaa kiti cha nyuma, na mimi nitamwongelesha mwanangu mpaka Edendale. Ukifika mlangoni kwangu hujatoa neno, gari ni lako, na baraka zangu juu yake. Ukitoa neno, hata moja, Mbongiseni amebaki humo ndani. Mimi siwezi kumwachia mtu baki gari lenye mwanangu. Litabaki kwetu."

"Na mimi?" nikauliza.

"Wewe utachukua hiki cheupe."

Kile cheupe kilikuwa getini, kimetulia, kinaningoja kama deni la dhambi. Nilimwona Gogo akikitazama, akihesabu milango yake. Nilimwona Sfundo akilitazama jekundu, bila woga tena, kwa macho ya mtu aliyemkumbuka mpenzi wa zamani.

"Tawi haliendeshi gari," Sfundo akasema, akaninyooshea kiganja. "Funguo, kaka."

Nikampa. Nikafunga mdomo.

Nikakunjwa nyuma. Gogo akakunjwa pembeni yangu, akalalamikia magoti yake, kisha akanisogelea sikioni: "Nakitaka cheupe, sikufichi. Lakini marehemu namwogopa zaidi. Funga huo mdomo, mjukuu wangu." Akaikamata bangili yangu kwa vidole vya chuma. MaKhoza akakaa mbele. Nomcebo akafuata nyuma na kikohozi.

"Mbongiseni, mwanangu," MaKhoza akaanza, "sasa tunatoka Imbali."

Sfundo akaingiza gia. Grrrr! Alilisaga gari langu kama mahindi. Nikauma ulimi.

"Samahani, kaka," akasema, akinitazama kwenye kioo. "Umesema kitu?"

Kwenye tuta la kwanza hakupunguza mwendo. Kichwa changu kikagonga paa. La pili, hivyohivyo. Kwenye kona akakata kwa nguvu, matairi yangu mapya yakapiga yowe ambalo mimi sikuruhusiwa kulipiga. Matusi yalinijaa kifuani kwa vina na mizani kamili. Nikayameza moja moja, na kila moja lilikuwa na miiba.

"Tunavuka mto sasa, mwanangu. Huu ni Msunduzi. Usiogope maji."

Nikuambie kweli, pale juu ya daraja sikufikiria gari. Nilifikiria mtu aliyekaa gizani chini ya kiti, anaita mama yake, na sisi juu tunabishana rangi. Nikasema moyoni: twende, Mbongiseni. Nitakufikisha.

Injini ikavuma. Mguu wa Sfundo haukuwa kwenye mafuta. Alishtuka hata yeye.

Edendale ilikuwa mbele, bado kona chache. Lakini Jumapili mchana kuna uwanja pale kabla ya kona ya mwisho, na Jumapili mchana uwanja ule huwa umejaa. Walituona kabla hatujawafikia. Filimbi ya kwanza ikalia. Kisha zikalia zote.

"Kishada!" wakapiga kelele. "Gari la Kishada! Kishada amerudi!"

Kumbe ndilo jina walilompa Mbongiseni, kwa jinsi alivyokuwa akizunguka. Watu wakafurika barabarani, wakafungua duara, wakaacha katikati wazi kwa ajili yetu.

"Mama," Sfundo akasema, na meno yake yote yakaonekana kwenye kioo, "hakuagwa na wenzake. Tumpe mzunguko mmoja?"

MaKhoza akageuka. Akaniangalia mimi, lakini hakuwa ananiona mimi.

"Mbongiseni, huu hapa uwanja wako," akasema, machozi yanashuka. "Unataka, mwanangu? Au twende nyumbani?"

Gari lilikuwa limeshaingia katikati ya duara. Chini palikuwa na saruji iliyochubuka, nyeusi tupu, makaburi ya matairi ya watu wengine. Sfundo akavuta breki ya mkono mpaka mwisho. Akapandisha injini, sindano ikaenda kwenye nyekundu. Nikaisikia harufu ya kwanza ya mpira wangu ukiungua.

Gogo akaibana bangili mpaka vidole vyangu vikafa ganzi.

"Kama hutaki, sema tu, kaka," Sfundo akaniambia kwenye kioo. "Neno moja tu."

Na mdomo wangu, ambao tangu nizaliwe haujapata kunitii, ukaanza kufunguka. Nikute hapahapa wiki ijayo.